Mwanaume Mwenye VVU na Suala la Kupata Mtoto

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Mratibu wa Mradi wa Afya na UKIMWI wa Dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wageni wetu wafadhili, mjini Singida. Tumeichapa karibu yote kama ilivyosemwa, kwa kuwa wajumbe wengi waliomba kuisoma tena wakiwa nyumbani.



 Niliombwa niseme juu ya UKIMWI na familia, na najua wengi mlitegemea nizungumzie yatima, maana ndiyo mada tuliyoizoea. Leo nitawaacha yatima kidogo. Nataka kuzungumzia watoto ambao bado hawajazaliwa, na baba zao wanaowatamani.

Katika ziara zetu za sharika, kuanzia Shelui mpaka Itigi, kuna swali ambalo akina baba huniuliza pembeni, kikao kikishafungwa na watu wakiwa wanatafuta baiskeli zao. Haliko kwenye ajenda, na sijawahi kuliona katika muhtasari wa kamati yoyote. Swali lenyewe ni hili: "Mratibu, mtu mwenye virusi anaweza kuzaa?" Karibu wote husema wanamuulizia rafiki. Rafiki huyo ninyi mnamjua na mimi namjua.

Vijiweni swali hilo lina majibu mengi. Kuna wanaosema aliyezaa hana virusi, maana angekuwa navyo asingezaa. Wapo wanaosema mwenye virusi amekwisha, asahau mtoto. Na kuna jibu la tatu, ambalo ndilo linanikosesha usingizi zaidi: kwamba virusi havina shida, ila zile dawa za kliniki zinaua mbegu, na kwa hiyo anayetaka mtoto aache dawa kwanza. Majibu haya yote si ya kweli, lakini kila moja limeshika kipande cha ukweli, na ndiyo sababu hayafi.

Mwili wenyewe

Naomba akina mama wasione haya na wazee wasikasirike, tuseme mambo kwa majina yake. Maji ya uzazi ya mwanaume, yaani shahawa, hayatoki mahali pamoja. Mbegu hutengenezwa ndani ya korodani, kisha hukomaa katika mrija mwembamba sana uliojikunja nyuma ya korodani. Maji yanayozibeba hutoka kwenye tezi dume na vifuko vilivyo jirani nayo. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo tu ya maji hayo, na haziwezi kuonekana bila darubini. Tangu mbegu inapoanza kutengenezwa hadi iwe tayari kusafiri hupita karibu miezi mitatu. Naomba mkumbuke hiyo miezi mitatu, tutairudia.

VVU hukaa ndani ya chembe nyeupe za kinga na pia huelea katika maji yenyewe. Ndiyo maana shahawa huambukiza. Lakini mbegu ya kiume si makazi ya kawaida ya kirusi hiki. Jambo hilo ndilo lililomwezesha Dk. Augusto Semprini na wenzake wa Milan, Italia, kutoa taarifa mwaka 1992 kwamba walichukua shahawa za waume wenye virusi, wakatenganisha mbegu na maji yake kwa mashine, wakaziosha, kisha wakaziweka katika mfuko wa uzazi wa wake wasio na virusi. Watoto walizaliwa na mama zao hawakuambukizwa. Wakati huo, kumbukeni, huku kwetu mtu akiambiwa ana virusi alikuwa anaanza kugawa mashamba. Mashine ya kuosha mbegu hatunayo Singida, na kwa neema ya Mungu hatuihitaji sana tena. Nitafika huko.

Sasa, mwanaume aliyeambukizwa ambaye bado ana nguvu, anakula, chembe zake za CD4 ziko juu, kwa kawaida mbegu zake hazipishani sana na za jirani yake asiye na virusi. Anazaa kama wengine. Kwa hiyo yule bwana anayesema, "Mke wangu amejifungua juzi, mimi nikapime nini?" anajifariji kwa kitu kisichopima chochote. Mtoto si kipimo cha damu ya baba yake.

Matatizo huanza kinga inaposhuka. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba kadiri CD4 zinavyopungua ndivyo maji yanavyopungua, mbegu zinakuwa chache, zinazobaki zinakwenda kwa uvivu, na nyingi zina maumbile yasiyo sawa. Homoni ya kiume, testosteroni, nayo hushuka kwa wanaume wengi waliofikia hatua ya UKIMWI wenyewe. Hapo mtu hukosa hamu ya tendo, hukosa nguvu, misuli inanywea, moyo unakuwa mzito. Mwenyewe anadhani amerogwa, au mke amemchoka. Anakwenda mnadani kwa wauza dawa za nguvu za kiume na kutoa fedha ya mbuzi mzima kwa chupa ya kitu asichokijua.

Kuna na mambo mengine yanayofuatana na kinga kushuka. Homa kali ya siku nyingi, iwe ya malaria au ya ugonjwa nyemelezi, hupunguza mbegu, na upungufu huo huonekana wiki kadhaa baadaye, si siku ile ile. Ndipo ile miezi mitatu inapoingia: mwanaume aliyeugua sana mwezi wa tatu anaweza kupimwa mwezi wa tano akaonekana hana mbegu za kutosha, na mwezi wa tisa akawa sawa. Kifua kikuu nacho, ambacho wengi hudhani kinakaa kifuani tu, kinaweza kushuka mpaka kwenye ule mrija wa nyuma ya korodani, kikauvimbisha na kuuziba. Akina baba wa machimboni, wa Sambaru na Londoni, hilo liwahusu kwa namna ya pekee, maana vumbi la mwamba na kifua kikuu ni marafiki wa siku nyingi.

Aidha tusisahau wenzake na VVU. Kisonono na klamidia si virusi, ni vijidudu vinavyotibika kwa dawa za kawaida, lakini visipotibiwa huziba njia za mbegu kwa mwanaume na mirija ya uzazi kwa mwanamke. Wazee wa Kagera wanakumbuka kwamba enzi za mkoloni Buhaya ilijulikana kwa uzazi mdogo, na magonjwa ya zinaa yalitajwa kuwa sababu kubwa. Vidonda na uchafu wa magonjwa hayo pia hufungua mlango wa VVU. Utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza kati ya mwaka 1991 na 1994 ulionyesha kwamba pale ambapo zahanati na vituo vya afya viliimarishwa kutibu magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40. Huo ni ushahidi wa hapa hapa nyumbani, na haukuhitaji mitambo mikubwa, ila zahanati yenye dawa na mhudumu aliyefundishwa. Kuhusu virusi vya HPV, vile vya saratani ya mlango wa kizazi, viko pia katika shahawa za wanaume wengi, na baadhi ya tafiti zinasema vinazifanya mbegu ziende polepole, wataalamu hawajakubaliana. Lakini chanjo yake kwa mabinti ilianza nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Kamati zihimize.

Je, dawa zinaua mbegu?

Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Serikali ilianza kutoa dawa za ARV bure mwaka 2004. Wakati ule mtu alisubiri mpaka CD4 zishuke sana ndipo aanzishiwe. Fikirini maana yake kwa jambo tunalolizungumza: aliyeanza dawa alikuwa tayari amekonda, homoni zimeshuka, mbegu zimepungua. Akaanza dawa. Mke hakupata mimba mwaka ule. Jirani akasema, "Mmeona? Dawa zimemhasi." Ugonjwa ulikuwa umetangulia, dawa ndizo zikapewa lawama, kama mtu anayelaumu ndoo kwa nyumba kuungua.

Nisiwafiche kwamba dawa za mwanzo zilikuwa na maudhi yake. Stavudini, iliyokuwamo katika mchanganyiko wa kwanza kwetu, ilidhuru chembe za mwili kwa namna nyingi, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likaelekeza nchi ziiondoe taratibu. Efavirenzi ilifuata, kwa baadhi ya wanaume ilivimbisha matiti, na baadhi ya tafiti zilikuta mbegu za watumiaji zinapunguza mwendo. Mwanaume aliyeona matiti yake yanakua na akasikia kijiweni kwamba dawa zinamgeuza mwanamke, simcheki hata kidogo. Alipaswa kueleza kliniki abadilishiwe, na kliniki ilipaswa kumuuliza.

Lakini hiyo ni habari ya jana. Tangu mwaka 2019 nchi yetu ilihamia kwenye kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegraviri. Na tangu mwaka 2016 mtu akipimwa na kukutwa na virusi anaanzishiwa dawa bila kusubiri CD4 zishuke. Kwa hiyo kijana wa leo anayeanza dawa mapema halazimiki kabisa kufika pale walipofika kaka zake. Kinga ikipanda, homa zikiisha, uzito ukirudi, homoni na mbegu za wengi nazo hupata nafuu. Si kwa wote, na mrija ulioziba kwa kisonono hautazibuliwa na ARV. Lakini anayeacha dawa ili apate mtoto anafanya kinyume cha anachokitafuta: virusi vinaongezeka katika shahawa, mbegu zinapungua, na mke anaambukizwa katika wiki zile zile anazotafutiwa mimba.

Mnakumbuka mwaka 2011, magari yalivyopita hapa mjini kuelekea Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Shilingi 500 kwa kikombe. Simhukumu marehemu, na waliokwenda walikuwa ndugu zetu, wengine wako katika ukumbi huu. Ila baadhi ya watu waliacha ARV baada ya kunywa, na tulijifunza jinsi habari inayosafiri na jina la kanisa inavyoaminiwa kuliko daktari. Leo kikombe hakipo, lakini kila mnada una mganga wake wa uzazi na simu yake imeandikwa ukutani. Nguvu hiyo ya kuaminiwa bado tunayo. Nashauri tuitumie kusema neno moja mimbarini kila mwezi: asiache dawa.

Na kwa vijana wanaojidunga homoni za kujenga kifua katika vyumba vya mazoezi pale mjini: sindano ya testosteroni kutoka nje huiambia korodani ipumzike. Kifua kinapanuka, mbegu zinakatika. Wanaokunywa gongo kila siku na madereva wanaokaa juu ya injini ya moto kutwa nzima wajue pia kwamba korodani hupenda ubaridi. Ndiyo maana Mungu aliziweka nje.

Nani hupelekwa hospitali

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita duniani hukutana na tatizo la kukosa mtoto wakati fulani wa maisha yake. Na katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, mwanaume ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mkewe. Sasa angalieni katika mitaa yetu. Mama ndiye anayepelekwa hospitali. Mama ndiye anayepelekwa kwa mganga. Mama ndiye anayeambiwa ng'ombe warudi. Nimeona mama aliyefanyiwa vipimo vya gharama kubwa mara tatu, kapigwa picha za mirija, kauza alizeti ya misimu miwili, na mumewe hajawahi kukojoa hata kwenye kichupa cha maabara.

Hata watafiti walianza huko. Utafiti mkubwa wa Rakai, Uganda, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba wanawake wenye VVU walipata mimba chache kuliko wasio na virusi. Kazi nzuri, lakini waume wa wanawake wale walikuwa katika hali gani? Mimba inaonekana kwa macho, hivyo kuhesabu wanawake ni rahisi. Mwanaume ana mahali pa kujificha.

Kipimo cha mwanaume ni rahisi na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na vipimo vya mama, kwa hiyo busara ni kuanza na yeye au kuanza wote wawili siku moja. Anakaa bila tendo siku 2 hadi 7. Anatoa shahawa zote ndani ya chombo kisafi, bila kutumia sabuni, mafuta wala kondomu ya kawaida, kwa sababu vitu hivyo vinaua mbegu. Sampuli iangaliwe ndani ya saa moja. Kipimo cha kwanza kikiwa kibaya, hurudiwa baada ya muda, kwa ajili ya ile miezi mitatu niliyosema. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, chini ya mbegu milioni 16 kwa mililita moja ni idadi ndogo. Ndogo haimaanishi hakuna. Wapo wenye idadi hiyo waliozaa.

Sasa saa moja hiyo ndiyo taabu yetu. Mtu wa Nduguti hawezi kutoa sampuli nyumbani akaifikisha Singida mjini ikiwa hai. Lazima aitolee hospitalini. Na hospitalini akapewe nini? Bwana mmoja wa makamo, mwenye heshima zake, mkewe akiwa amemsindikiza, alipewa kichupa katika hospitali moja nisiyoitaja akaonyeshwa choo cha wagonjwa wa nje, foleni mlangoni, mtu anagonga. Alirudisha kichupa kikavu. Aliniambia, "Mratibu, bora niitwe mgumba." Tangu siku hiyo hakurudi, na mkewe bado ananywa mizizi.

Wageni wetu wafadhili, mnaniuliza kila mara tunahitaji nini. Katika suala hili tunahitaji chumba kimoja chenye kitasa, kiti, maji na dirisha lenye pazia, kwenye hospitali mbili au tatu. Najua si jengo la kuweka bamba la ukumbusho.

Mume ana virusi, mke hana

Tunakuja sasa kwenye wenza ambao mmoja ana virusi na mwingine hana. Kwa miaka mingi tuliwaambia maneno mawili tu: tumieni kondomu. Ni kweli kondomu inazuia, lakini kondomu haizai. Wakatuitikia, kisha wakaenda nyumbani wakajaribu bahati yao gizani, bila kumwambia mtu yeyote.

Leo tuna habari nyingine. Mwaka 2011 utafiti wa nchi 9, Kenya na Malawi zikiwamo, ulionyesha kwamba mwenye virusi akianza dawa mapema, uwezekano wa kumwambukiza mwenzake hupungua kwa asilimia 96. Mwaka 2016 utafiti mwingine wa Ulaya uliofuatilia wenza zaidi ya 800, ambao mwenye virusi alikuwa akitumia dawa na virusi vyake vimefubazwa, ulikuta kwamba katika tendo la ndoa bila kondomu zaidi ya mara 58,000 hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake huyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likasema wazi: ambaye virusi vyake havionekani katika kipimo, kwa sababu anakunywa dawa kama alivyoelekezwa, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana.

Neno la muhimu hapo ni kipimo. Si kujisikia vizuri, wala si kunenepa. Kipimo cha wingi wa virusi katika damu hufanyika kliniki ya CTC baada ya miezi 6 tangu kuanza dawa, na baadaye kwa ratiba. Kwa hiyo mume na mke wanaotaka mtoto waende pamoja CTC waseme hivyo hivyo: tunataka mtoto. Mume ahakikishe kipimo chake kinaonyesha virusi havionekani. Wote wapimwe na kutibiwa magonjwa ya zinaa. Mke afundishwe siku zake za rutuba, ambazo kwa mwenye mzunguko wa siku 28 ziko katikati ya mwezi wake, karibu siku 6. Kama kipimo cha mume bado si kizuri, wasubiri. Na mke anaweza kupewa vidonge vya kujikinga, ambavyo utafiti uliofanyika Kenya na Uganda kwa wenza zaidi ya 4,700 ulionyesha vinapunguza sana maambukizi. Mimba ikiingia, mama apimwe tena kila anapoelekezwa.

Ikiwa mke ndiye mwenye virusi na mume hana, dawa zinamlinda mume na mtoto pia. Bila hatua yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 wa mama wenye virusi wangeambukizwa; kwa dawa wakati wa mimba na kunyonyesha wanashuka chini ya 5. Na kwa wanaosubiri kipimo kizuri lakini umri unakwenda, mhudumu anaweza kuwaonyesha jinsi ya kutumia bomba la sindano lisilo na sindano kuweka shahawa za mume ukeni siku za rutuba, nyumbani kwao, bila tendo. Nimeona mmoja wa wazee ametikisa kichwa. Mzee wangu, shikamoo. Ni mume na mke wa ndoa, ni nyumbani kwao.

Cheti cha kupima kabla ya ndoa

Sharika zetu nyingi huwataka wachumba wapime kabla ya kufunga ndoa. Sina ugomvi na kupima. Wachumba wakapime, wapate ushauri nasaha, waambiane. Ugomvi wangu uko kwenye karatasi. Katika baadhi ya sharika majibu hupita mezani kwa kamati, yanasomwa na watu 7, na jioni yanajulikana kisimani. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima na inataka majibu yawe siri yake. Kamati haina sababu ya kuyaona. Inatosha mchungaji kuambiwa na wachumba wenyewe kwamba wamepima na kila mmoja anajua hali ya mwenzake.

Na ikiwa mmoja ana virusi na wote wawili wanajua na wanataka ndoa, nimesikia kamati iliyoahirisha ndoa "mpaka hali itakapoeleweka". Hali imeeleweka. Vijana hao wakakaa pamoja bila ndoa, wakaacha kuja kanisani, na tukawapoteza kliniki pia, maana aliyekuwa akiwakumbusha dawa ni mama wa umoja wa wanawake wa usharika ule ule. Sioni tulichokilinda hapo.

Kwa nini nasema haya sasa

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wana VVU: wanawake 5.6, wanaume 3.0. Kati ya wote wenye virusi, asilimia 78 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Hiyo ni kazi kubwa na tumshukuru Mungu. Lakini wanaobaki nje, kwa uzoefu wa kliniki zetu, wengi ni wanaume: wanachelewa kupima, wanafika wamebebwa. Nimekuwa nikifikiri ni jambo gani litamleta mwanaume wa miaka 30 kliniki akiwa bado anatembea. Tumetumia hofu ya kifo kwa zaidi ya miaka 30, amezoea. Hamu ya kuitwa baba bado hatujaitumia.

Nao uwezo umepungua. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya UKIMWI nchini ikatikisika. Walioumia haraka ni wale wahudumu wa jamii waliokuwa wakifuatilia walioacha dawa, nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo wanaoweza kuibeba bila mshahara mkubwa ni ninyi, wajumbe wa kamati, kwa baiskeli na kwa simu. Wafadhili wetu, nauli ya mume na mke kwenda CTC pamoja siku moja ni kitu kidogo, lakini kwa mtu wa Mkalama wakati wa kiangazi, alizeti imeshauzwa na debe la mahindi limepanda, ndiyo tofauti kati ya kwenda na kutokwenda. Naomba mfuko wa usharika uruhusiwe kulipa nauli hiyo, kwa watu wawili, bila kuandika sababu katika daftari linalosomwa na wote. Iandikwe "matibabu".

Kuna vikaratasi vya maswali vimeletwa wakati nazungumza. Kimoja nitakijibu sasa kwa kuwa ni kifupi: "Je, aliyepimwa akakutwa hana mbegu kabisa, tumwambie nini?" Mwambieni kwanza arudie kipimo. Kama mrija umeziba, hospitali kubwa inaweza kuona la kufanya. Kama haiwezekani, mwambieni ukweli mkiwa na mkewe, na mwambieni mbele ya mama yake mzazi kwamba mkwewe hana kosa. Hilo la mama mzazi msiliache. Ndiko maneno yanakotoka.

Maswali mengine tutayajibu baada ya chai. Nimemwomba mtaalamu wa maabara aje na darubini, yuko chumba cha pili, na yeyote anayetaka kuelezwa jinsi kipimo kinavyofanyika aende, wanaume kwanza. Gari la Manyoni limeambiwa lisubiri mpaka saa kumi.